Dagaa si Chakula cha Kuku

Liko neno moja litembealo katika vijiji vya kandokando ya Ziwa Victoria, na hata katika vijiji vilivyo mbali na maji, nalo ni hili: "Dagaa ni chakula cha kuku." Wengine hulisema kwa mzaha, wengine kwa kiburi, na wengine kwa hesabu ya biashara. Lakini mzaha urudiwao kila siku hugeuka kuwa imani, na imani ikikaa sana huwa desturi. Desturi hiyo imekwisha ingia majikoni mwetu, na katika mialo tuanikamo samaki, na katika masoko yetu. Naye alipaye gharama yake si yule aliyefanya mzaha, bali ni mtoto mdogo ambaye hata kusema bado hajajua.

Nataka kulipinga neno hilo, wala sitalipinga kwa maneno matamu tu. Nitaonyesha kwanza dagaa ni nani. Kisha nitaonyesha ana nini ndani yake. Kisha nitawajibu wale wamdharauo, neno kwa neno. Na mwisho nitasema yatupasayo kufanya. Msomaji na apime mwenyewe.

DAGAA NI NANI?

Naanza na jina, maana hapo ndipo dharau ilipojificha. Sisi tusemao Kiswahili kila samaki mdogo twamwita dagaa. Wa baharini ni dagaa, wa Kigoma ni dagaa, wa Mwanza ni dagaa, kana kwamba udogo ni kabila. Tena tumelifanya jina hilo kuwa la kudunisha. Wakikamatwa wezi wadogo na wakubwa wakaachwa, twasema wamekamatwa dagaa, papa wameachwa. Mtu asiye na cheo wala mali twamwita dagaa. Ulimi uliozoea kusema hivyo hauwezi kumheshimu samaki huyo akiwa sahanini.

Lakini ukweli wa maumbile ni mwingine. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, ambao Kigoma imepata sifa kwa ajili yao, ni wa aina mbili, nao wataalamu huwaita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Hao ni wa ukoo wa sadini wa baharini, ingawa makao yao ni maji matamu, mbali sana na bahari. Dagaa wa Ziwa Victoria si wa ukoo huo hata kidogo. Yeye ni wa kundi kubwa la samaki wa maji matamu ambamo ningu naye yumo. Basi tazameni: ningu ni mkubwa, naye huheshimiwa; dagaa ni mdogo, naye hudharauliwa; na wote wawili ni wa mlango mmoja!

Mtaalamu wa Ufaransa, Jacques Pellegrin, alimwandika samaki huyu katika vitabu vya elimu mwaka 1904, akampa jina la argentea, yaani "wa fedha", kwa ajili ya mng'ao wa ubavu wake. Mwaka 1936 mtaalamu wa Marekani, Henry Fowler, akamtenga katika jenasi yake mwenyewe iitwayo Rastrineobola. Katika jenasi hiyo hamna spishi nyingine. Yumo yeye peke yake. Asili yake ni bonde la Ziwa Victoria: ziwa lenyewe, na Ziwa Kyoga, na Ziwa Nabugabo, na Mto Nile utokao Victoria kwenda Kyoga. Wajaluo humwita omena, na Waganda humwita mukene. Jamaa zake walio karibu naye ni usipa wa Ziwa Nyasa na muziri wa Ziwa Albert. Lakini hao nao ni wengine, si yeye. Samaki ambaye dunia nzima haina wa pili wake katika jenasi yake, sisi tuliojaliwa kuwa naye mlangoni petu twamwita chakula cha kuku.

Liko na kosa la pili litokanalo na udogo wake. Wako watu wazima, tena wenye akili, wanaodhani ya kuwa dagaa ni watoto wa samaki wengine, na ya kuwa wakiachwa watakua wawe sato au sangara. Sivyo. Dagaa wa Ziwa Victoria hubeba mayai akiwa na urefu wa sentimita nne au tano tu, na ni wachache wafikao sentimita tisa. Huyo mwembamba unayemwona katika beseni sokoni si mtoto wa mtu ye yote. Ni mzima, mwenye umri wake na kazi yake. Chakula chake ni vijidudu vidogo sana vieleavyo majini, ambavyo jicho la mtu huona kwa shida, pamoja na wadudu. Vijidudu hivyo mtu hawezi kuvivua wala kuvila. Dagaa huvikusanya kwa ajili yetu, akavigeuza kuwa nyama na mifupa na mafuta. Hiyo ndiyo kazi yake, nayo si kazi ya kudharauliwa.

ALIYEBAKI WENGINE WALIPOKWISHA

Wazee wa ziwani wajua ya kuwa ziwa la leo silo ziwa la zamani. Sangara aliingizwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa muda alikuwa haba. Kisha katika miaka ya 1980 akaongezeka mno, akawala wenyeji. Furu, waliokuwa wa aina mamia, walipungua kwa namna ya kutisha, na aina nyingi zikatoweka kabisa. Ningu naye, aliyekwisha kupungua kwa kuvuliwa mitoni wakati wa kupanda kwenda kutaga, akawa nadra.

Katika msiba huo dagaa hakutoweka. Aliliwa na sangara kama wengine, na hata leo sangara humla. Lakini kwa kuwa hukua upesi na kuzaa upesi, na kwa kuwa furu waliokuwa wakila vijidudu vile vile walikuwa wamepungua, yeye alizidi. Leo kwa uzito dagaa ndiye wa kwanza katika samaki wote wavuliwao Ziwa Victoria. Ampita hata sangara mwenyewe. Usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, ziwa huwaka taa mpaka mgeni hudhani ni mji: zamani zilikuwa karabai, na siku hizi nyingi ni taa za betri na za nguvu ya jua. Dagaa hufuata mwanga, nao wavuvi huwazungushia nyavu zao.

Sangara naye amekwenda wapi? Minofu yake huwekwa katika barafu, ikasafirishwa kwenda Ulaya na kwingineko. Kilichobaki kwetu ni kichwa na mifupa, ambavyo Mwanza huitwa mapanki, na Kenya huitwa mgongo wazi. Simlaumu auzaye, maana fedha ya sangara imejenga nyumba nyingi. Nasema tu ya kuwa samaki mkubwa tuliyemsifu ameliwa mezani pa wengine, na samaki mdogo tuliyemcheka ndiye aliyebaki kutulisha. Basi sasa huyu naye twataka kumpa kuku!

ANA NINI NDANI YAKE?

Tuache jina, tutazame sahani. Mtu alaye kipande cha samaki mkubwa hula mnofu, akatupa mifupa, na kichwa, na matumbo. Alaye dagaa hula samaki mzima. Katika mifupa yake iko kalisi, ijengayo mifupa na meno ya mtoto. Katika macho yake na maini yake iko vitamini A, ilindayo macho na kuusaidia mwili kushindana na maradhi. Yako madini ya chuma, yaongezayo damu, ambayo mama mjamzito huyahitaji kuliko mtu mwingine ye yote. Iko zinki, ambayo mtoto akiikosa hakui vema. Yako mafuta mazuri. Na dagaa akikaushwa sawasawa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, yaani kile chakula kijengacho mwili. Kwa kuwa kilo tatu au nne za dagaa wabichi hurudi kuwa kilo moja tu ya wakavu, na kilichotoka ni maji.

Basi linganisheni. Nyama ya ng'ombe haikai siku tatu bila barafu. Maziwa hayakai. Mnofu wa samaki mkubwa haukai. Dagaa mkavu hukaa miezi akihifadhiwa vema, hubebwa katika gunia juu ya baiskeli hadi vijiji visivyo na barabara, na hupimwa kwa kikombe au kwa fungu, hata mwenye fedha kidogo aweza kununua kiasi chake. Sijui chakula kingine katika nchi zetu kimfikiacho mtu maskini kwa urahisi huo, huku kikiwa na nguvu hizo.

Na haja ya nguvu hizo iko. Uchunguzi wa afya wa taifa uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Maana yake, kimo chao hakilingani na umri wao, kwa sababu ya kukosa chakula kifaacho na kuugua mara kwa mara. Kenya, mwaka uo huo, walikuwa 18 katika 100. Nasi walimu twawafahamu watoto hao wafikapo darasani. Mtoto aliyedumaa hakukosa akili kwa kuzaliwa. Alikosa chakula cha kumjenga katika miaka ile miwili ya kwanza, wakati wa uji mweupe asubuhi, na uji mweupe jioni. Tumbo lilijaa, lakini mwili haukupata kitu. Na nyuma ya nyumba hiyo hiyo, pengine, kuku walikuwa wakidonoa unga wenye dagaa.

WASEMAYO WAPINZANI

Wa kwanza husema: "Dagaa ni chakula cha maskini." Namjibu: hilo ni neno juu ya bei, si neno juu ya chakula. Maji nayo hunywewa na maskini. Chumvi hutiwa katika chungu cha kila mtu. Kama chakula hupoteza heshima kwa sababu maskini aweza kukipata, basi twaabudu njaa. Ndugu zangu, mgeni ajapo twakopa ili tumchinjie kuku, na dagaa twamficha chini ya kitanda tusije tukaaibika. Kisha mgeni akiondoka, watoto hurudi kwenye ugali na mchicha mtupu, kwa kuwa dagaa naye "si kitoweo cha watu". Aibu ya namna hiyo haina faida kwa mgeni wala kwa mwenyeji.

Wa pili husema: "Dagaa wana mchanga, tena ni wachungu na wananuka." Huyu asema kweli, lakini amemshtaki asiyehusika. Mchanga haukutoka majini pamoja na dagaa. Tumeutia sisi wenyewe. Twawamwaga juu ya mchanga wa ufuko, twawafagia kama takataka, mbuzi hupita juu yao, na kuku, na mbwa. Mvua ikinyesha huloana, wakaoza nusu, tukawaanika tena. Kisha twasema dagaa wananuka! Mtu aliyemwaga mchele wake njiani, je, ana haki ya kuulaumu mchele kwa kuwa na mawe? Na uchungu je? Mara nyingi uchungu hutokana na kukawia kuanikwa, tumbo likaharibika. Dagaa aliyeanikwa upesi, mahali safi, na upepo ukampata pande zote, ni mtamu, tena hang'ati meno.

Wa tatu ni mwenye hekima kidogo kuliko wale wawili. Yeye husema: "Dagaa akiliwa na kuku hakupotea. Kuku hutupa mayai na nyama. Basi watu hula dagaa wakiwa wamevikwa manyoya." Neno hili ni zuri kusikia, lakini hesabu yake haisimami. Kuku hula ili aishi kwanza. Sehemu kubwa ya chakula chake huishia katika joto la mwili wake, na manyoya, na miguu, na mifupa, na mavi. Kilichobaki kwa mtu ni kidogo kuliko kilichoingia. Tena, kuku huyo ni wa nani? Dagaa husagwa viwandani, wakachanganywa na pumba na mahindi, wakauzwa kwa wafugaji wakubwa. Na mayai na nyama huenda mijini, kwa wenye fedha za kununua. Mtoto wa kijijini aliyenyang'anywa kikombe cha dagaa harudishiwi yai. Kwa hiyo si kweli kwamba chakula kimebadilishwa sura, kimebadilishwa mwenyewe.

Wala kuku hatakufa akikosa dagaa. Yako mashudu ya alizeti, na ya pamba, na iko soya, na wako funza wafugwao kwa takataka za jikoni, ambao siku hizi wafugaji wengi huwatumia. Kuku ana vyakula vingi mbadala. Mtoto wa miezi minane, katika nyumba isiyo na ng'ombe, hana vingi. Anayeweza kula kingine na amwachie asiyeweza.

Wa nne ni mfanyabiashara. Yeye husema: "Mimi nauza kwa anunuaye. Mwenye kiwanda hununua magunia mia kwa siku moja. Mama wa kijijini hununua kikombe." Simwiti mwovu, maana naye ana watoto wa kulisha. Lakini namwomba afungue daftari lake. Dagaa mchafu wa mchanga huuzwa kwa bei ya chakula cha mifugo, nayo ni bei ya chini. Dagaa safi huuzwa kwa bei ya chakula cha watu, nayo ni ya juu. Soko la Kirumba, pale Mwanza, hupeleka dagaa Kongo na nchi nyingine za jirani, na wanunuzi wa huko hutazama kwanza usafi. Basi desturi ya kumdharau dagaa humtia hasara hata yule adhaniye kwamba yampa faida. Mama aanikaye mwaloni hununua dagaa wabichi alfajiri kwa fedha ya kukopa. Mvua ikinyesha jioni, mali yake yote huwa ya mifugo, na deni hubaki pale pale. Si mwenye kiwanda aliyepoteza, ni yeye.

Wa tano husema: "Dagaa hawaishi. Ziwa limejaa. Wapo wa kutosha watu na kuku pia." Maneno hayo yalisemwa zamani juu ya ningu. Yalisemwa juu ya furu, waliokuwa wengi hata watoto wakawavua kwa ndoana za pini. Ni kweli kwamba dagaa huzaa upesi, na ndiyo sababu amevumilia. Lakini kuvumilia si kutokwisha. Nyavu za macho madogo kupita kiasi, na makokoro yakokotwayo ufukoni, huchukua wadogo ambao hawajataga hata mara moja. Na kinachosukuma nyavu za namna hiyo ni nini, kama si soko lisilojali ukubwa wala usafi? Mwenye kusaga hamwangalii dagaa usoni. Kwake mzima na mchanga ni unga mmoja. Soko la watu huchagua, na kwa kuchagua humfundisha mvuvi. Soko la unga halimfundishi mtu.

DHARAU INAVYOFANYA KAZI

Sasa msomaji aweza kuona jinsi mambo haya yanavyofungamana kama nyuzi za wavu. Kwa sababu twamdharau dagaa, hatuoni haja ya kujenga mahali pa kumwanika. Kwa sababu hana mahali, huanikwa mchangani. Kwa sababu huanikwa mchangani, huwa mchafu. Kwa sababu ni mchafu, watu humkataa, na kiwanda cha chakula cha mifugo humchukua kwa bei ndogo. Na kwa sababu kiwanda humchukua, twasema: "Je, hatukuwaambia? Dagaa ni chakula cha kuku!" Dharau imejizaa yenyewe, kisha imejishuhudia yenyewe. Waliosema mdharau mwiba mguu huota tende walijua ya kuwa kitu kidogo kikidharauliwa hakibaki kidogo. Tende letu ni watoto 30 katika kila 100.

Sisemi ya kuwa dagaa peke yake ataondoa udumavu. Mtoto ataka maziwa ya mama, na maji safi, na chandarua, na mboga, na matunda, na wazazi wasiopigana. Lakini katika hayo yote, dagaa ni dawa iliyo karibu kuliko nyingi, na sisi ndisi tuliomfukuza mezani.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza, jikoni. Mama mwenye mtoto aliyekwisha anza kula, tangu miezi sita, na achague dagaa wazuri, awaoshe vizuri kwa maji ya uvuguvugu, awakaushe tena, awakaange kidogo bila mafuta, kisha awatwange au awasage mpaka wawe unga laini, auchekeche, atie kijiko katika uji au katika viazi vilivyopondwa. Unga wa dagaa wenye mchanga haufai kwa mtoto. Ndiyo maana usafi huanza mwaloni. Na tuache desturi ya kukata vichwa vyote na kuvitupa. Akataye kichwa cha dagaa hutupa macho, na pamoja na macho hutupa sehemu ya kile alichokinunulia. Kwa watu wazima, dagaa wa nazi, au wa karanga, au waliorostwa kwa nyanya na kitunguu na ndimu, ni kitoweo ambacho hakuna mgeni mwenye adabu atakayekikataa.

Pili, mwaloni. Yafaa kila mwalo uwe na chanja. Chanja si kitu cha kigeni wala cha gharama kubwa: ni miti iliyochimbiwa, yenye kimo cha kiuno cha mtu, na juu yake wavu wa waya au wavu mkuukuu uliokazwa. Dagaa wakitandazwa juu yake, jua huwapata juu na upepo huwapata chini. Hukauka upesi, mchanga hauwafikii, mbuzi hawawakanyagi, na mvua ikija hufunikwa kwa turubai moja. Miezi ya mvua ndefu na wakaangwe, au wavukizwe kwa moshi, au watiwe chumvi, kuliko kuachwa waoze. Dagaa walioharibika kweli kweli, hao na wapewe kuku. Sina ugomvi na jambo hilo. Ugomvi wangu ni juu ya wale tuwaharibuo kwa uvivu, na wale wazuri tuwauzao kana kwamba wameharibika.

Tatu, mashauri ya kijiji. Ziko kamati za wavuvi zisimamiazo mialo. Kamati hizo hukusanya ushuru; basi na waulizwe: katika ushuru huo, chanja ngapi zimejengwa? Kina mama waanikao, ambao ndio wengi katika kazi hii, wana viti vingapi katika kamati? Aghalabu mvuvi hunena, na mwenye mtumbwi hunena, na mwenye gari hunena. Lakini yule ajuaye dagaa wanaharibikaje yuko ufukoni ameinama, hakuitwa. Na sheria ya macho ya nyavu isiwe ya kusomwa siku ya mkaguzi tu.

Nne, shule. Pale panapopikwa chakula cha mchana, maharage ni mema, lakini yasiwe peke yake kutoka Januari hata Desemba. Siku mbili tu katika juma, kikombe cha unga wa dagaa katika sufuria ya maharage, kingewafikia watoto wasioonja kitoweo cha samaki nyumbani. Wazazi wachangao mahindi na waulizwe kama wataweza kuchanga na dagaa. Na sisi walimu, tufundishapo habari za samaki, tusifundishe majina ya samaki wa nchi za mbali, tukamwacha huyu aliye wa kwetu, ambaye mtoto aweza kumweka kiganjani akahesabu mapezi yake.

MWISHO

Najua watakuwako watakaosema ya kuwa nimefanya jambo kubwa kutoka kwa kitu kidogo. Hao nawauliza maswali matatu tu, nao wayajibu si kwa mwandishi, bali nyumbani mwao. La kwanza: mtoto wako mdogo kuliko wote alikula nini jana, mbali na uji na ugali? La pili: kama angalikula kijiko kimoja cha unga wa dagaa safi kila siku tangu alipoanza kula, ungalipungukiwa na nini wewe? La tatu: kuku wa tajiri wa mjini, unayemjua kwa jina au usiyemjua, amekutendea wema gani hata ukamtangulize mbele ya mwanao?

Atakayeona majibu yake ni mema na aendelee kucheka dagaa. Lakini atakayeona majibu yake si mema, asingoje mkutano wala asingoje mfadhili. Kesho ni siku ya soko. Na anunue fungu moja, awachague, awaoshe, awatwange. Na mgeni akimkuta, asifunike chungu.

Aliye na neno la kunipinga na aliandike, nami nitalisoma kwa adabu. Ila asije na ule mzaha wa zamani, maana huo nimekwisha ujibu.